"Hasara inapita na sinia"! Leo nimekoma jamani

BintiWete:
Simtaji, nyote mnamjua. Mzee wa kofia ya viua, anayekohoa kutoka njiani ili nyumba nzima ishike madaftari. Leo barazani, mbele ya wageni waliotoka Unguja, natoka na vikombe vya kahawa na kashata, kaninyooshea bakora: "Mnaiona hasara yangu? Ile, inapita na sinia."

Hasara! Miye! Na sinia mkononi!

Kisa matokeo ya fomu foo. Nimepata divisheni ya pili, pointi 18. Ya kwanza inaishia 17. Kwa pointi moja kanuna utadhani mikarafuu yote ya Pemba imekauka usiku mmoja. Nyumba hii hakusemwi jengine ila udaktari. Nikitoka skuli chuoni kwa Kurani, nikitoka chuoni tuisheni, wallahi nadhani hata tumboni nilikuwa nasomeshwa. Baiolojia nina A, hajaiona. Kaiona C ya fizikia tu!

Na mgeni mmoja akacheka. Kacheka huku anatafuna kashata niliyoipika mimi! Mikono ikanitetemeka, kahawa ikamwagika. Mzee: "Mnaona? Hata kahawa imemshinda."

Inapita na sinia. Mbele za watu. Sitoki tena barazani mpaka wageni waishe Pemba nzima.

KakaMkoani:
Pointi 18 unalia? Miye nilipata 30, nyumbani kukachinjwa kuku kwa furaha kuwa si ziro. Tupishe.

Mpemba_Halisi:
Mzazi hajibiwi, dada, vumilia. Lakini "ile, inapita na sinia", Mungu anisamehe, nimecheka mpaka mke kaja kuniuliza nna nini.

BintiWete:
Cheka tu. Hukuwa wewe uliyeshika sinia.

UmmuTatu:
Pole mdogo wangu. Miye nilitaka ushoni, nikaambiwa cherehani ni ya waliofeli. Nikasukumwa sayansi kwa nguvu. Leo nasomesha kemia, na kitambaa kizuri nikikiona dukani machozi yananitoka.

KakaMkoani:
Kumbe mwalimu wa kemia! Nyinyi ndio mliotufelisha. Wa kwetu kipindi chake akituandikia "nakilini", yeye huyoo, sokoni kuuza samaki.

UmmuTatu:
Na wewe ulikuwa humo darasani umuone anavyotoka? Si ulikuwa juu ya mwembe!

KakaMkoani:
Embe haziulizi pointi.

BintiWete:
Jamani uzi ni wangu! Nimeitwa hasara mbele za watu!

Jirani_wa_Gando:
Nimechelewa kuingia. Hiyo kashata ilikuwa ya nazi au ya njugu?

Mpemba_Halisi:
Kwa kahawa ya barazani? Ya njugu, hilo halina mjadala.

UmmuTatu:
Nani kakwambia? Ya nazi!

BintiWete:
HASARA, nyinyi! Kaniita HASARA!

Jirani_wa_Gando:
Tumesikia mama. Ya nazi au ya njugu?