Kaniambia mbele ya mke wangu: "Malta ya nini? Nenda Mbudya, maji ni yale yale"

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Simtaji jina. Yule mwenye tai nyekundu na ofisi ya safari yenye ngazi mbovu, mnamjua. Kama hajawahi kukuudhi basi wewe huishi Dar.

Mwaka huu tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Mama watoto ni mwalimu, mimi ni fundi majokofu. Miaka 2 tunadunduliza kwa ajili ya safari ya Malta, ile nchi ya visiwa kule Ulaya, kwa sababu mke wangu tangu utotoni anasoma Matendo ya Mitume sura ya 28: Paulo kavunjikiwa meli, kafika kisiwani Malta, nyoka kamng'ang'ania mkononi na hakudhurika. Anataka aione Ghuba ya Mtakatifu Paulo kwa macho yake. Nami nikajipanga. Tunafikia Valletta, mji mkuu, basi hadi bandari ya Ċirkewwa, kivuko dakika kama 25, tuko kisiwa cha pili, Gozo, kwenye mahekalu ya Ġgantija, ya zamani kuliko piramidi za Misri. Tunaenda Oktoba, lile jua kali la Agosti limeshapoa na bahari bado ina joto. Bima ya safari ya euro 30,000 inayotakiwa kwenye viza naijua. Ada ya viza euro 90 kwa kila mtu naijua, na wakikunyima hairudi. Yote nimeandika kwenye daftari!

Nikamfungulia daftari. Hakuligusa. Akatazama viatu vyangu. Viatu, wakuu! Akavitazama mpaka nikahisi soli zinayeyuka. Kisha kwa sauti ya mpiga debe wa Mbagala, mbele ya mke wangu na wateja watano: "Mzee wangu, Malta ya nini? Nenda Mbudya, maji ni yale yale."

Maji ni yale yale! Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata feni ilicheka. Mke wangu akainama, akawa anahesabu vigae. Miaka 10 sijawahi kumwona akiinama vile.

Mbudya, kisiwa chetu cha hapa hapa Dar, naipenda, wanangu wamejifunzia kuogelea pale. Lakini mtu akikuuliza njia ya Mwanza humwambii aishie Kibaha eti barabara ni ile ile. Mbele ya mke wangu! Maji ni yale yale!

Nimfanyeje huyu mtu?

Mwana Kisiju: Pole mkuu. Ila hivyo viatu vikoje? Uzi bila picha haunogi.

Shangazi Ubungo: Wewe unalia na maneno tu? Mwenye tai huyo huyo aliniuzia Saiprasi mwaka 2023, akaapa kwamba imo ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Haikuwamo! Viza yangu ya kuingia mara moja, wakanizuia Athens. Nimelala uwanja wa ndege siku mbili, nimeegemea begi la vitenge, shingo mpaka leo haigeuki kushoto.

Mlalahoi Namba 1: Fundi majokofu na Malta wapi na wapi? Mwenye tai kakuokolea hela.

Mbeba Boksi: Mimi niko Malta mwaka wa tatu. Mkuu njoo, utajisikia kwenu. Magari yanapita kushoto kama Bongo, na wakihesabu utasikia sitta, sebgħa, Kiarabu kile kile kilichotuachia sita na saba. Tatizo ni kodi ya chumba. Mwenye nyumba wangu kapandisha mara mbili, na dirisha linatazama ukuta!

Mlalahoi Namba 1: Una dirisha? Mimi hapa Manzese sina.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. ALISEMA MAJI NI YALE YALE. MKE WANGU YUPO PALE PALE.

Mwana Kisiju: Viatu mkuu, bado tunasubiri.

Dogo wa Tandale: Kwani boti za Mbudya zinaondokea wapi?

Shangazi Ubungo: Kunduchi. Nenda siku ya kazi, Jumapili hakuna hata pa kutandika kanga.

Dogo wa Tandale: Na samaki wa kukaanga bei gani siku hizi?

Shangazi Ubungo: Usinikumbushe samaki! Kuna yule wa banda la mwisho, simtaji, mnamjua. Juzi kanipa changu mdogo kama kidole...