Kishindo kwenye sahani ya Hooker na Canned Heat: ni sindano yangu?

Seremala wa Bondeni, Nakuru:
Wadau, naomba msaada. Juzi nilimtengenezea mzee mmoja wa mtaa wa Section 58 kabati. Malipo ya mwisho yakamshinda, akanipa gramafoni na sahani zake chache. Moja ni Hooker 'n Heat, sahani mbili ndani ya jalada moja.

Nimeambiwa ni kazi ya pamoja ya John Lee Hooker, mwimbaji wa bluzi, na Canned Heat, bendi ya roki ya kusini mwa Marekani. Sasa bendi yenyewe iko wapi? Sahani ya kwanza namsikia mzee mmoja na gitaa lake. Na chini ya gitaa kuna kitu kinagonga, ko, ko, ko, wimbo hadi wimbo. Nimesafisha sindano kwa spiriti, nimebandika sarafu juu ya mkono wake utulie, wapi! Fundi wa redio anasema mota imechoka, anataka 1,500. Nimpe? Muziki huu umenishika, sitaki kuusikia ukiwa na kasoro.

Mpenda Santuri, Kisumu:
Usimpe hata shilingi, ndugu yangu. Hicho kinachogonga ni mguu wa Hooker. Walipoingia studio Los Angeles, Mei 1970, walimwekea jukwaa la plaiwudi akalie, na kipaza sauti cha kunasa kiatu chake. Alikuwa akipiga hivyo tangu 1948 aliporekodi Boogie Chillen kule Detroit, peke yake, mguu ukiwa ndiyo ngoma.

Canned Heat si bendi ya kusini, ni ya Los Angeles hapo hapo. Mtu wa kusini ni Hooker mwenyewe, mzaliwa wa Mississippi. Bendi walimheshimu, wakamwachia nafasi kwanza. Hooker habadilishi kodi (noti kadhaa za gitaa zinazopigwa pamoja) kwa kuhesabu, anabadilisha moyo ukimtuma, na wapigaji wengi walikuwa wanapotea njiani. Alan Wilson wa Canned Heat hakupotea. Geuza upande wa pili usikilize Burning Hell: ni Hooker na hamonika ya Wilson, basi. Bendi nzima utaipata kwenye sahani ya pili, na mwishoni kuna boogie, yaani bluzi ya mdundo wa kuchezeka, ya zaidi ya dakika 11.

Sasa tazama jalada. Ile picha yenye fremu ukutani ni Wilson. Alifariki Septemba 1970 akiwa na miaka 27, albamu ikatoka Januari 1971. Hakuishika mkononi. Mimi kila nikifika Burning Hell naacha nilichokuwa nafanya.

Nyar Alego:
Kaka, sisi huku hatuwezi kushangaa mguu. Mpiga nyatiti, kinubi chetu Waluo, huketi kwenye kigoda, chombo kimelala chini, nyuzi nane, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o. Anagonga nayo mti wa chombo huku njuga za gara zikilia mguuni. Babu yangu alikuwa akipiga msibani mpaka alfajiri, na sisi watoto tulilala karibu na mguu wake. Uimbaji ulikuwa unanipita, lakini ile kogonga ya mguu nilikuwa naisikia hata usingizini. Siwezi kusema Hooker alitoa kwetu. Nasema tu, ukimzima mguu umemnyima nusu ya wimbo.

Seremala wa Bondeni, Nakuru:
Asanteni sana. Nimetoa sarafu. Leo asubuhi nimechukua kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye lile kabati, nikakilaza sakafuni, nikagonga na akala zangu: pu, pu, sauti butu. Nikaenda nyumbani kuvaa viatu vya kanisani, vya soli ngumu. Ko, ko, ko. Ndiyo yenyewe! Kijana wangu wa kazi ameacha randa akaja kusikiliza.

Nyar Alego, kama kuna rekodi ya nyatiti ambapo mguu unasikika vizuri, niambie nianze na ipi.