EJ207 imenoki: nifumue mwenyewe nyumbani, ninunue ya mtumba, au nimpe fundi?

Mchuma_Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004, ya soko la Japani, injini EJ207. Imeanza kugonga. Ikiwa baridi haisikiki sana. Ikishashika moto, ukifikisha mizunguko 3,000 halafu ukaachia mafuta, inagonga kwa sauti nzito kule chini. Nilizima hapohapo na sijaiwasha tena. Nimemwaga oili, nikaikata filta kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake juani: mikunjo yote ina chembe zinazometa, na sumaku haizikamati. Ni beringi, hilo sina shaka nalo.

Naona njia tatu: kufumua mwenyewe, kununua injini ya mtumba kutoka Japani, au kumkabidhi fundi aifanyie ovaholi yote. Nina banda lenye sakafu ya saruji, cheni bloku, na muda ninao kwa sababu gari la kazini ni lingine. Taimingi belti na klachi nimeshabadilisha kwa mkono wangu, ila bloku la Subaru sijawahi kulipasua. Aliyepita njia mojawapo naomba aniambie.

Grogan_Boy
Mkuu, mimi nasema mtumba. Huku Nairobi ukishuka Kirinyaga Road injini za EJ (ukoo wa injini za Subaru, pamoja na hiyo yako) unazipata, nyingine zikiwa na turbo, nyaya na kompyuta yake. Unashusha mbovu, unapandisha nyingine, gari linarudi barabarani. Ukishaanza kufumua, leo ni beringi, kesho pistoni, keshokutwa turbo, na pesa inazidi kutoka. Hakikisha tu unapata ya aina ileile. Yako ina AVCS (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) na turbo ya twini skroli, yaani yenye njia mbili za kuingizia moshi, kwa hiyo ekzosi yake haiingiliani na ya singo skroli yenye njia moja. EJ207 za gari za miaka ya tisini hazina AVCS, na zitakusumbua hadi kwenye nyaya.

Boksa_Njiro
Grogan nakuheshimu, ila hapa tunatofautiana. Ukinunua injini ya mtumba unanunua beringi ambazo hujaziona. Muuzaji atakupimia kompresheni, na kompresheni nzuri inakupa habari za ringi, valvu na gasketi ya hedi. Beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, ekseli kuu inayozunguka) haizigusi kabisa. Kama lazima ununue, shusha sampu, lile beseni la oili chini ya injini, kabla ya kuipandisha uangalie kibomba cha kunyonyea oili. Kwenye EJ kinajulikana kwa kupasuka, na pampu ikianza kuvuta hewa beringi haziponi.

Mimi nimefumua EJ nyumbani na ningefumua tena. Kazi yenyewe ni usafi na kupima, na kupima ndiko kunakoamua. Boksa, yaani injini yenye silinda zilizolala pande mbili kama hii, ni injini fupi, kranki yake fupi, kwa hiyo beringi zake zina upana mdogo na zinabeba mzigo mkubwa. Nafasi ya oili kati ya beringi na kranki inahesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, mkono hauwezi kuihisi. Tafuta maikromita, geji ya kupimia ndani ya silinda, na toki renchi unayoiamini. Plastigeji, ule uzi wa plastiki unaobanwa kupima nafasi, ni ya kuhakikisha mwishoni tu.

Nyumbani unashusha, unafungua, unaweka alama kila kipande na mahali pake, unaosha, unapima, unafunga. Kranki na hedi zinatoka kwenda kwa wenye mashine, na bloku pia kama silinda zimekwaruzika. Unachookoa ni pesa ya ufundi, spea utalipia kama kawaida. Na usibane pesa kwenye kile kipoza oili kidogo kinachokaa pale filta inapofungwa. Kitupe, ununue kipya. Watu wanakiosha kwa petroli, wanakipuliza kwa kompresa, wanaona kimetoka safi. Chembe zimebaki kwenye njia za ndani, na zikianza kutoka zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi ulizofunga jana. Mabomba ya oili ya turbo na solenoidi za AVCS nazo zifungue zote uzioshe kwa makini.

Fundi_Gerezani
Hizi ndizo kazi zangu za kila siku. Boksa kasema vizuri, ila kranki kaipita haraka. Kranki za STI nyingi zimefanyiwa naitraidi, yaani zina ngozi ngumu nyembamba juu. Ikiwa imechubuka kidogo unaipiga polishi inatosha. Ikiwa imechimbika na mchongaji akaisaga robo milimita ili ivae beringi za 0.25, ile ngozi imeondoka, na isipofanyiwa upya haitadumu kwenye gari la turbo. Wateja wangu huwa nawashauri wanunue kranki nyingine nzima. Ukinunua, angalia mwaka: kwenye EJ za zamani beringi inayozuia kranki kwenda mbele na nyuma iko namba 3, za baadaye iko namba 5. Hazichanganyiki.

Silinda nazo: hedi ikifungwa, bloku la boksa linajivuta na silinda zinabadilika umbo. Mchongaji anayejua anafunga bamba zito la chuma juu ya bloku kwa nguvu ileile ya hedi, ndipo anachonga. Asipokuwa nalo, silinda zitakuwa duara mezani kwake tu.

Ukiamua kumpa fundi, mwambie akuonyeshe anachopimia silinda. Akikujibu kwamba anapima kwa uzoefu, ondoa gari lako, hata kama anasifiwa mji mzima.

Dada_Spana
Salaam kutoka Mombasa. Kaka, mbona hakuna aliyeuliza imenoki kwa nini? Gari hilo lilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya okteni karibu 100. Ya pampu zetu iko chini ya hapo. Ukiipa busti (shinikizo la hewa la turbo) ileile na kompyuta ileile, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni na beringi. Injini ya mtumba, ya fundi au ya kwako, zote zitakufa hivyohivyo usiporekebisha programu ya kompyuta iendane na mafuta unayotia. Pima na kiwango cha oili mara kwa mara, maana turbo hizi zinakula oili na wengi hawafungui boneti.

Pistoni: kama hutaongeza nguvu, rudisha za kiwandani. Ukitaka za kufuliwa, yaani zilizogandamizwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu, za aloi 4032 hazitanuki sana zikipata moto, kwa hiyo zinafungwa kwa nafasi ndogo na hazipigi kelele asubuhi. Za 2618 zinavumilia mateso zaidi, ila zinataka nafasi kubwa. Kwa gari la barabarani, mimi ni 4032.

Na wanaosema EJ ni dhaifu wakumbuke Legacy turbo ya Januari 1989 kule Arizona: kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Ikipewa oili na mafuta inayoyataka, ni injini imara.

Grogan_Boy
Dada hapo kwa mafuta umenipata, hilo nakubali bila ubishi. Kwa mtu anayelitegemea gari kila siku bado nasema mtumba, lakini sampu ishushwe kwanza kama Boksa alivyosema. Mchuma ana gari lingine na ana muda, hali yake ni tofauti.

Mzanzibari_Maskati
Nyongeza fupi: kuna shoti bloku inayokuja imefungwa tayari, kranki na pistoni ndani, wewe unarudisha hedi zako. Huku Oman wengi wanafanya hivyo. Bei yake iko juu, lakini kwa kazi ya nyumbani inakuondolea sehemu ngumu kuliko zote. Kipoza oili bado ubadilishe.

Mchuma_Kigamboni
Asanteni sana wakuu, na wewe dada. Nafumua mwenyewe. Kranki na bloku zitakwenda kwa mwenye lile bamba, programu itashughulikiwa kabla gari halijatoka nje ya geti. Nimeshashusha injini, hedi zimetoka, iko kwenye stendi. Swali: bloku linapasuka vipi wakati pistoni bado zimeshikana na kranki? Konrodi sizifikii.

Boksa_Njiro
Hapo boksa ni tofauti na injini nyingine. Konrodi huzifungui kwanza, unaanza kuchomoa pini za pistoni. Mbele ya bloku kuna vizibo vya silinda 1 na 2. Vya 3 na 4 viko nyuma, utaviona ukishatoa flaiwili. Zungusha kranki mpaka pini ilingane na tundu, toa klipu kwa koleo refu jembamba, kisha vuta pini. Ikigoma usiigonge na nyundo, tengeneza kivutio cha boliti ndefu na bomba. Pini zote nne zikitoka, fungua boliti za bloku na ulitenganishe, pistoni zitabaki ndani ya silinda zake na konrodi zitabaki kwenye kranki. Ziandike namba kabla hujazitoa, pamoja na upande unaotazama mbele.

Fundi_Gerezani
Na vile vikombe vya beringi za zamani usivitupe. Vipange kwa namba zake uje navyo pamoja na kranki. Vinaonyesha ni ipi ilianza kukosa oili.