Kubadili taa za dashibodi na paneli ya AC kuwa LED: Corolla 110

kandawili_110
Wakuu, habari za leo. Gari ni Corolla AE110 ya 1998. Usiku dashibodi inasomeka kwa shida: kwenye spidomita kuna mwanga wa njano uliofifia, geji ya mafuta iko gizani kabisa, na paneli ya AC na hita imebaki na taa moja. Kwa kuwa nitafungua, nataka ziwe LED nyeupe badala ya kurudisha balbu zilezile. Ninunue saizi gani? Taa za onyo (betri, oili, eabegi) nazo zibadilishwe? Na kwa nini gari nyingi zilizofanyiwa kazi hii zina madoa ya mwanga, namba moja inang'aa na ya jirani yake haionekani?

fundi_waya
Mkuu, usinunue chochote kabla hujazitoa za zamani. Kwenye gari za umri huo kuna aina tatu. T10 kioo chake kina kipenyo cha milimita 10, na kwa kawaida ndiyo inayomulika uso wa mita. T5 ni milimita 5, mara nyingi ni ya indiketa, fulu na taa za onyo. Kwenye paneli ya hita hukaa zile ndogo ambazo balbu na kitako ni kitu kimoja: T3, T4.2 au T4.7. Hizo ndizo zinazopotosha watu. Mkononi zinafanana, lakini kitako cha T4.7 hakiingii kwenye tundu la T4.2, na cha T4.2 kwenye tundu la T4.7 kinacheza. Nenda na ya zamani dukani, mtaa wa Gerezani pale Dar es Salaam zipo, ulinganishe kitako kwa kitako.

Kufungua: chomoa hasi ya betri, na kama gari lina eabegi subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani. Shusha usukani hadi mwisho. Fremu inayozunguka mita ina skrubu za nyota upande wa juu, kwenye kivuli cha dashibodi. Ukizitoa, kwingine imeshikwa na klipu tu. Ivute taratibu kwa mikono miwili, na kama kuna swichi juu yake chomoa soketi zake kwanza. Kisha toa skrubu za mita yenyewe, ivute kuja kwako kidogo, bonyeza ulimi wa kila soketi ya nyuma na uichomoe.

Vishikio vya balbu huzungushwa robo mzunguko kinyume cha saa. Miguu yake ya shaba inakaa juu ya utando mwembamba wenye njia za umeme, na bisibisi ikiteleza hapo njia inakatika. Tumia vidole, vikishindwa koleo yenye mdomo mrefu.

Paneli ya AC: vuta vitufe vya mbele vitoke, toa uso wa plastiki, na mara nyingi balbu utaziona palepale. Usiguse kebo za hita. Zikichomoka utalazimika kuziseti upya, la sivyo mlango wa hewa ya moto haufungi vizuri na AC inaonekana mbovu kumbe ni kebo.

LED ina chanya na hasi, hivyo isipowaka igeuze kabla ya kusema ni mbovu. Usifunge fremu kabla ya kujaribu: rudisha soketi zote, rudisha betri, washa taa ndogo tu. Taa za kumulika dashibodi zinafuata taa ndogo, huhitaji kuweka ufunguo ON. Ukiuweka ON huku mita imechomolewa, kompyuta ya eabegi inaweza kuhifadhi kosa na taa yake ikagoma kuzima.

Taa za onyo mimi nasema ziache na balbu zake. Haziwaki usiku kucha, hazikusumbui. Ya eabegi hasa: kwenye baadhi ya magari kompyuta hupima hali ya taa hiyo, na LED haifanani na balbu.

stima_ya_gari
Salamu kutoka Nairobi. Nitajibu la madoa, kwa sababu watu hulaumu LED bure. Balbu ya kawaida humwaga mwanga pande zote. Mwanga unagonga kuta nyeupe za ndani ya mita, unarudi, unasambaa. LED ya bei rahisi ina chipu moja inayotazama mbele tu, basi kile kilicho mbele yake kinang'aa na pembeni kunabaki giza. Kwa T10 nunua yenye chipu ubavuni, nne au zaidi, pamoja na ya juu. Kwa T5 na zile za hita tafuta yenye kichwa kilichobonyea kama faneli, hiyo inarusha mwanga kando. Ukiwa tayari na zenye kichwa cha mviringo, kwaruza kichwa kwa msasa laini, namba 400 hivi, mpaka kiwe na ukungu. Mwanga utapungua kidogo lakini utasambaa.

Rangi nayo ina mtego. Angalia balbu zako za zamani: nyingi zimevaa kofia ya mpira ya kijani au bluu, hasa za hita. Kofia hiyo hukata sehemu kubwa ya mwanga, na ikiiva kwa joto inakuwa nyeusi. Pengine balbu yako "iliyofifia" ni kofia tu. Ukiweka LED nyeupe bila kofia utapata weupe. Lakini rangi ikiwa imechapwa nyuma ya uso wa mita au paneli, LED nyeupe itatoka na rangi hiyohiyo, na LED nyekundu nyuma ya rangi ya kijani karibu haitaonekana kabisa. Usikwangue rangi hiyo; sijawahi kuona kazi hiyo ikitoka sawa pande zote.

Bluu siipendekezi. Inachosha macho kwa safari ya usiku, na mshale mwekundu ukimulikwa na bluu unafifia.

kandawili_110
Asanteni sana, mmenisaidia mno. Bado mawili. Swichi ya kupunguza mwanga itaendelea kufanya kazi? Na LED za hita nyingi zinasemwa hufa baada ya miezi michache, tatizo ni nini?

stima_ya_gari
Inategemea aina ya swichi. Ile ya zamani ya rezista (kizuia umeme) tupu inapunguza volti kulingana na ampea zinazopita. T10 ya wati 3.4 inakula karibu ampea 0.28; LED inakula 0.02 hadi 0.06. Kwa mkondo mdogo hivyo volti haishuki vya kutosha, na LED zinabaki kali hata ukizungusha hadi mwisho. Zikiwa kali mno zinarudi kwenye kioo cha mbele na kukuzuia kuona barabara, kwa hiyo chagua zenye mwanga wa wastani. Swichi ya kielektroniki inayokata na kuwasha umeme kwa kasi inapunguza LED vizuri zaidi, ingawa nyingine hupepesa.

Kama LED inabaki na mwanga hafifu hata ukizima, kuna umeme kidogo unaovuja. Funga rezista ya omu 1,000, nusu wati, sambamba nayo.

fundi_waya
La kufa mapema ni hesabu tu. LED nyeupe hutaka takriban volti 3.2. Nyingi hufungwa tatu mfululizo, jumla 9.6, na rezista moja. Mtengenezaji akipigia hesabu volti 12, rezista inabeba 2.4, na kwa omu 120 zinapita miliampea 20. Injini ikiwaka alteneta inatoa hadi 14.4. Rezista sasa inabeba 4.8, na mkondo unakuwa miliampea 40, mara mbili. Ndani ya paneli iliyo karibu na hita, chipu inaungua. Nunua zilizoandikwa zinavumilia hadi volti 16 au zaidi, au kama unajua kuchoma lehemu weka rezista ya omu 240.

mzee_wa_alteneta
Niongeze kuhusu taa ya betri, maana hapo gari linaweza kukulaza njiani. Kwenye alteneta nyingi, hasa za zamani, umeme wa kuiamsha unapita ndani ya taa hiyo. Ukiweka LED, mkondo hautoshi: injini inawaka, alteneta haichaji mpaka uikanyage mafuta, au haichaji kabisa. Fundi_waya yuko sahihi, acha balbu. Ukilazimika, funga sambamba na LED rezista ya omu 68 ya wati 5. Inapitisha karibu ampea 0.18, sawa na balbu ya wati 2. Inapata joto, isiguse plastiki.

Kisha pima betri injini ikiwa sailensa, bila kukanyaga mafuta. Ukisoma 13.8 hadi 14.4 inachaji. Ukisoma chini ya 12.8, rudisha balbu kabla hujafunga fremu.