Meneja kutuma kazi WhatsApp saa nne usiku: ni uongozi ama tunachungwa tu?

Kijana wa Kondele: Wadau niaje. Niko kampuni fulani ya kusambaza bidhaa hapa Kisumu. Meneja mpya ameunda grupu, saa nne usiku anarusha "ripoti ya stoki iko wapi", na tiki zikigeuka bluu hujajibu, asubuhi unaulizwa mbele ya watu wote. Juzi nilikuwa matangani, nikamjibu na sahani ya ugali mkononi. Hii ndio kuongoza watu siku hizi ama tunachungwa kama ng'ombe?

Mama Duka Nakuru: Vijana mnalia sana. Mimi nimeandika watu sita, mteja akipiga usiku nimwambie duka limelala? Mshahara natoa hata mwezi ukiwa mbaya. Niliondoa maziwa kwa chai ya saa nne, wanakunywa turungi na hakuna amekufa.

Fundi Mita: Ngoja kwanza. Umeondoa maziwa? Nakuru hii, na Njoro ya wafugaji iko hapo tu?

Mama Duka Nakuru: Watu sita, vikombe viwili kila mtu, siku sita kwa wiki. Piga hesabu ndio uongee.

Wa Section 58: Turudi kwa mada jamani. Kulikuwa na ule mswada wa Seneta Cherargei wa 2022, ulitaka mwajiri wa watu kumi kwenda juu aweke sera ya hizi simu za baada ya kazi, akikosa ni faini hadi laki tano ama mwaka ndani. FKE, ule muungano wa waajiri, wakaupinga. Ufaransa wako na sheria kama hiyo tangu 2017 na maduka yao hayajafungwa.

Mama Duka Nakuru: Kumi? Mimi niko na sita. Hainihusu.

Fundi Mita: Sita na turungi.

Mfugaji Kuresoi: Huyo wa kusema mnachungwa kama ng'ombe hajawahi chunga. Ng'ombe jioni analala. Msumbue usiku uone kama kesho utakamua kitu. Usitutukane.

Mama Duka Nakuru: Na wewe lita ya maziwa unauza pesa ngapi, kwa sababu shida yangu ilianzia kwenu.

Wa Ofisi ya Juu: Pia tumtetee meneja kidogo, kama lori inaondoka alfajiri lazima ajue stoki usiku. Lakini asikutishe na kufutwa: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, kabla akufute kwa makosa lazima akueleze kosa na akusikize, na una haki ya kuwa na mwenzako hapo ndani.

Kijana wa Kondele: Lori gani bro? Ripoti natuma kwa imeili saa kumi na moja kila siku. Yeye hafungui imeili. Hiyo ndio siri yote, sisi watu wanane tunakosa usingizi juu mtu mmoja hafungui imeili.

Wa Section 58: Ungesema hivyo mwanzo! Hapo hakuna mambo ya sheria, huyo anatafuta kuonekana anafanya kazi.

Mama Duka Nakuru: Sawa, nitarudisha maziwa Ijumaa. Nusu lita.

Fundi Mita: Nusu lita watu sita?? Hiyo ni turungi imeona maziwa kwa mbali.

Kijana wa Kondele: Ameandika tena saa hii. Nijibu ama nilale?

Mama Duka Nakuru: Jibu, kwani unalipwa na nani.

Fundi Mita: Na sukari je mama, uliwaachia?