Kanibembeleza nimsomee mswada, kisha ananiambia "soma tena taratibu"!

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Yule mwandishi wa riwaya za mji mdogo mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kaitisha wasomaji wa awali, eti "nipeni ukweli bila huruma". Nikajitosa. Nikasoma mswada wote, nikamwandikia maoni marefu kwa adabu zote, karibu nimpigie magoti. Jibu lake: "Soma tena taratibu."

TARATIBU! Mimi!

Jamani, mama wa duka la mikate ni mjane sura ya 2. Mume tumemzika, mji mzima umelia. Sura ya 11 mume huyo huyo yuko nje anapaka uzio rangi, anapiga mluzi. Nisome taratibu kiasi gani ili marehemu arudi kaburini?

Halafu sura nne nzima watu wanasalimiana tu. Najua ni hadithi za kutuliza moyo, damu hatuitaki, lakini kisa si kisogee basi? Nikisoma taratibu kuliko nilivyosoma, nitazeeka kabla ya sura ya 5.

Soma. Tena. Taratibu. Aisee!

#2: Huyo huyo! Mimi aliniambia sina moyo wa fasihi.

#3: Mleta mada, labda mume ni mzimu. Una uhakika ulisoma taratibu? 😂

#4 (mleta mada): Mzimu gani anaomba brashi nyingine?

#5: Wasomaji wa awali husoma kabla mswada haujakamilika, ili makosa yaonekane. Wa kuandika maoni kitabu kikiingia sokoni hupewa nakala iliyokwisha kuhaririwa. Huyo alitaka hao wa pili, tena wenye nyota tano mkononi. Na Amazon, duka la mtandaoni, kumpa msomaji nakala ya bure ruksa, ila kumshurutisha akusifie marufuku.

#6: Wasomaji nanyi mmezidi. Niliwatumia mswada na maswali: wapi ulichoka, nani humwamini, wapi ulitaka kuacha. Wakajibu "nzuri sana, hongera", wakayeyuka. Mmoja kausifia mwisho ambao sijauandika!

#7: Afadhali wewe. Wangu kauliza mbona hakuna aliyeuawa. Nimeandika kuhusu kwaya na bustani!

#8: Bila maiti hiyo riwaya ya mji mdogo ni ya nini?

#9: Mnachanganya. Za upelelezi zina maiti, ila mauaji hatuyaoni, na anayepeleleza mara nyingi ni raia tu, si askari. Nyingine ni maisha na mapenzi, basi.

#10: Paka yumo?

#11 (mleta mada): Yumo. Jike sura ya 3, dume sura ya 9. Turudi kwenye TARATIBU, tafadhali.

#12: Naombeni PDF.

#13: Na mimi, inbox.

#14: Kwenye paka msimwonee mwandishi. Wangu nilimwita Kidume, juzi kazaa kabatini.

#15: Hahaha! Wangapi?