Mjadala: Wizara ya Afya ipewe data za minara ya simu?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2009 watafiti walichapisha uchambuzi wa laini 770,369 za kampuni ya simu ya Zantel, wakitumia kumbukumbu za minara iliyopokea simu kufuatilia safari za miezi mitatu kati ya Zanzibar na bara. Wasafiri wengi walikwenda Dar es Salaam kwa siku chache, ambako malaria ni haba. Hatari kubwa ya kuingiza malaria Zanzibar ilitokana na wachache waliokwenda mikoa yenye malaria nyingi. Sensa ya kila miaka kumi haikuonyeshi hilo. Serikali izidai kampuni za simu majedwali ya safari kama hizi kila mwezi.

Wakili: Majedwali sawa, shida ni ofisi kuomba faili zima la kumbukumbu za kila laini halafu kutuambia "majina tumefuta". Namba zetu zina tarakimu tisa baada ya 255, zinaanza na 6 au 7: hazizidi milioni 200. Ukizificha kwa kuzigeuza msimbo bila ufunguo wa siri, kompyuta ya kawaida inazijaribu zote muda mfupi tu na kujua msimbo upi ni namba ipi. Na hata ufunguo ukiwepo, utafiti wa 2013 kwa watu milioni 1.5 ulionyesha nukta nne za mahali na saa zinatosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao.

Mchambuzi: Basi faili lisitoke. Hesabu ifanyike kwenye seva ya kampuni ya simu. Makazi ya laini ni mnara inaoutumia zaidi usiku. Safari ni usiku ambao laini imelala wilaya nyingine. Jumlisha wilaya kwa wilaya, futa kila kisanduku cha jedwali chenye laini chini ya 15, tuma safu nne tu: ilikotoka, ilikokwenda, mwezi, idadi. Maswali nayo yapangwe mapema, maana mjanja ataomba maeneo mawili yanayopishana kidogo, atoe moja kwa jingine, apate kile ulichokifuta.

Mtakwimu: Mnabishania siri, mimi hata usahihi siuoni. Watoto chini ya miaka mitano, ambao malaria huwaua zaidi, hawana simu. Mwenye laini tatu anahesabiwa watatu. Asiyepiga wala kupigiwa haonekani. Umeme ukikatika mnarani, jedwali litasema kijiji kimehama! Bila dodoso la kaya linaloonyesha umiliki wa simu kila wilaya, na kumbukumbu za minara iliyozimika, hizo ni namba za wateja wa kampuni, si za wananchi.

Mleta mada: Dodoso nakubali. Ila kwa kupanga wapi pa kupima wasafiri, mwelekeo tu unasaidia.

Wakili: Nani athibitishe jedwali halimtambulishi mtu? Si wizara inayolitaka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, ikague.

Mchambuzi: Ikikagua kila jedwali, mlipuko utaisha kabla ya muhuri. Ikague programu yenyewe na kiwango cha 15. Mstari wa programu ukibadilishwa, ikague upya.

Wakili: Na atakayeijulisha Tume kwamba mstari umebadilishwa ni nani, kampuni?